Ndugu amekufa kwa uzembe wa mtu mwingine: njia nne za kudai fidia na namna ya kuchagua

Udongo wa kaburi haujakauka, simu zinaanza. Kampuni ya bima inataka mkutane. Polisi wanataka maelezo ya mashahidi. Mwajiri wa marehemu anasema kuna fomu ya kujaza. Ndani ya nyumba kaka mkubwa anataka kesi iende mpaka mwisho, mjane anawaza ada ya watoto, na wote wawili wana haki ya kuwaza hivyo.

Makala hii ni kwa familia iliyokwama hapo. Njia zinazopimwa ni nne: kuyamaliza nje ya mahakama kwa kuelewana na bima au mhusika mwenyewe, kufungua kesi ya madai, kudai kwenye mfuko au mpango unaolipa bila kuuliza nani alikosea, na kuegemea kesi ya jinai inayoendeshwa na serikali. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kila mfano nitautaja ulikotoka. Msingi, lakini, unafanana sana katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza.

Haki yenyewe ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1808, katika kesi ya Baker dhidi ya Bolton, gari la farasi lilipinduka Uingereza na mke wa mdai akafariki kama mwezi mmoja baadaye. Jaji Ellenborough alisema kwamba kwenye mahakama ya madai, kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama madhara. Mume akalipwa kwa michubuko yake na kwa kumkosa mkewe hadi siku aliyokata roho, basi. Aliyejeruhi alilipa, aliyeua hakulipa. Bunge la Uingereza lilirekebisha jambo hilo mwaka 1846, wakati reli zilipokuwa zimeshamiri na vifo vya reli navyo, na sheria ile ikawa mama wa sheria za ajali za vifo katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia zote nne kwa maswali matano. Unatakiwa kuthibitisha nini, na kwa uzito gani? Pesa ni kiasi gani, na inahesabiwaje? Itachukua muda gani, na mlango unafungwa lini? Nani anabeba gharama mambo yakienda kombo? Na je, familia itaujua ukweli wa kilichotokea?

Suala la uthibitisho nimelitanguliza kwa makusudi. Hata anayetaka kuelewana tu mezani, kiasi atakachopewa hutegemea kile ambacho upande wa pili unaamini angeweza kukithibitisha mbele ya jaji. Familia nyingi huchagua njia kwa hasira au kwa njaa ya pesa, kisha ndipo zinatafuta ushahidi. Naamini inapaswa kuwa kinyume chake: angalia kwanza ulichonacho mkononi, ndipo uchague.

Uthibitisho

Kesi ya madai ndiyo yenye masharti marefu zaidi, na ukiyaelewa hayo umeelewa pia nguvu yako katika njia nyingine. Mdai anatakiwa kuonyesha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwa marehemu, kwamba aliuvunja wajibu huo, kwamba kuuvunja huko ndiko kulikosababisha kifo, na kwamba wadai wamepata hasara.

La kwanza mara nyingi halina ubishi. Dereva ana wajibu kwa mwenda kwa miguu, mwajiri kwa mfanyakazi, daktari kwa mgonjwa aliyempokea, mtengenezaji kwa mtumiaji wa bidhaa yake. Hilo la mwisho liliwekwa wazi na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1932 katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson.

La pili hupimwa kwa mtu wa kawaida mwenye busara: je, yeye angefanya hivyo? Kwa madaktari kipimo ni kingine. Tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957, mahakama za Uingereza na nyingine zilizozifuata huuliza kama kundi la madaktari wanaoheshimika wa fani hiyo lingekubali alichofanya mwenzao. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, iliongezwa kwamba maoni ya kundi hilo sharti yawe na mantiki, yasikubaliwe tu kwa kuwa yametoka kwa wataalamu. Kwa familia, maana yake ni hii: katika kifo cha hospitalini, bila daktari mwingine wa kutoa ushahidi wa kitaalamu, kesi haijaanza.

La tatu ndilo linalozizamisha familia zenye haki. Chukua kesi ya mlinzi wa usiku wa London, miaka ya 1960. Yeye na wenzake wawili walikunywa chai wakaanza kutapika. Wakaenda hospitali asubuhi. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu, daktari asije kuwaona. Akaagiza warudi nyumbani na kuwaita madaktari wao. Saa chache baadaye mlinzi yule akafa. Uchunguzi ukaonyesha chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mjane akashtaki hospitali, na jaji akakubali kwamba kutomwona mgonjwa ulikuwa uzembe. Hata hivyo mjane alishindwa. Ushahidi ulionyesha kwamba hata angelazwa saa ileile, dawa ya kuiondoa sumu isingepatikana na kumfikia kwa wakati. Uzembe ulikuwepo, kifo kilikuwepo, lakini kamba ya kuunganisha viwili hivyo ilikosekana.

Ndiyo maana ripoti ya uchunguzi wa maiti ina uzito kuliko karatasi nyingine yoyote. Najua ilivyo vigumu kuikubali siku ile. Watu wanataka kumzika mtu wao wapumzike. Lakini akishazikwa bila sababu ya kifo kuandikwa na mtaalamu, hoja ya tatu itabishaniwa kwa kukisia, na kufukua maiti ni maumivu juu ya maumivu.

Kuna pia matukio yanayojieleza yenyewe. Mwaka 1863, katika kesi ya Byrne dhidi ya Boadle, pipa la unga lilidondoka kutoka dirisha la juu la ghala huko Liverpool likamwangukia mpita njia. Hakujua lilidondokaje, na mahakama ikasema si kazi yake kujua: mapipa hayaanguki madirishani bila mtu kuzembea, basi mwenye ghala ajieleze. Paa lililoporomoka au mgonjwa aliyefungiwa kifaa tumboni baada ya upasuaji ni mifano ambapo mawakili hujaribu kuitumia kanuni hiyo. Isikufanye ulale, kwa sababu mdaiwa akitoa maelezo ya kuridhisha mzigo unakurudia.

Uzito wa ushahidi katika kesi ya madai ni mizani ya uwezekano: yaelekea zaidi ilitokea kuliko kutotokea. Kesi ya jinai hudai zaidi, uthibitisho usioacha shaka ya maana. Tofauti hiyo ilionekana na dunia nzima katika kesi za O.J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani wa futiboli ya Kimarekani. Oktoba 1995 aliachiwa huru kwa mashtaka ya mauaji. Februari 1997 mahakama ya madai ilimwona anawajibika kwa vifo vilevile, na jumla ya fidia ikafika dola milioni 33.5. Pale hoja ilikuwa kuua kwa kukusudia, si uzembe, lakini mizani ni zilezile. Mshtakiwa akiachiwa katika jinai, madai yenu hayajafa. Na akitiwa hatiani, katika nchi nyingi hukumu hiyo hutumika kama ushahidi mzito katika madai, wakati mwingine ushahidi usiopingika.

Njia ya mifuko imesimama peke yake. Mfuko wa fidia ya wafanyakazi hauulizi nani alizembea. Unauliza kama kifo kimetokana na kazi na wakati wa kazi, na nani walimtegemea marehemu. Ujerumani ilianzisha bima ya namna hiyo mwaka 1884, na nchi nyingi zina mfano wake leo. New Zealand ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1974 majeruhi na wafiwa wa ajali za aina zote hulipwa na mpango wa taifa, na kesi za kawaida za kudai fidia ya madhara hayo zimezuiwa. Kwa abiria wa ndege za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 umechanganya mifumo miwili. Hadi kiwango cha SDR 151,880 kwa abiria (hicho ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiwango hiki kimeanza kutumika mwisho wa mwaka 2024) shirika la ndege haliwezi kujitetea kwamba halikuzembea. Juu ya hapo linaweza, lakini ni lenyewe linalotakiwa kuthibitisha, si mjane.

Katika maelewano ya nje ya mahakama hakuna jaji wa kumthibitishia chochote. Mtu wa bima hata hivyo anapima jalada lako kwa mambo manne yaleyale, na anajua kesi zilizopita kuliko wewe. Ukifika mezani na majina ya mashahidi, picha za eneo, ripoti ya daktari na nakala ya jalada la polisi, mazungumzo hubadilika sura. Picha za kamera za barabarani na majengoni hufutwa na kurekodiwa upya baada ya siku au wiki chache. Barua ya kuomba zihifadhiwe iandikwe mara moja, hata kabla hamjaamua njia. Gari lipigwe picha kabla halijatengenezwa.

Pesa: kiasi na hesabu yake

Hesabu ya msingi si siri. Katika kesi ya madai huchukuliwa kipato cha marehemu baada ya kodi, huondolewa sehemu aliyokuwa akijitumia mwenyewe, na kinachobaki huzidishwa kwa idadi ya miaka. Uingereza mazoea ni kuondoa robo kama aliacha mwenzi na watoto, na theluthi kama aliacha mwenzi pekee. Tuseme alipata 1,200 kwa mwezi, kwa fedha ya nchi yoyote, na ameacha mke na watoto. Ondoa robo, inabaki 900. Kwa mwaka ni 10,800. Mahakama ikikubali kizidisho cha 14, wategemezi wanapata 151,200. Kizidisho huwa kidogo kuliko miaka aliyobakiza kufanya kazi kwa sababu pesa inatolewa yote kwa mkupuo, na kwa sababu maisha yana misukosuko ambayo ingeweza kumpata hata kama ajali isingetokea.

Marehemu asiye na mshahara naye ana thamani mbele ya sheria. Mama aliyelea watoto na kuendesha nyumba huhesabiwa kwa gharama ya kumlipa mtu afanye alichokuwa akifanya, na mahakama zimekubali kwamba hata hivyo malezi ya mama hayaishii kwenye bei ya yaya. Familia nyingi huacha kudai hapa kwa kudhani hakuna cha kudai. Dai.

Juu ya utegemezi huja gharama za mazishi na matibabu ya mwisho, madai ya mirathi kwa maumivu aliyoyapata kabla ya kufa, na katika baadhi ya nchi fidia ya majonzi. Uingereza na Wales fidia ya majonzi imewekwa kwa sheria, pauni 15,120 tangu mwaka 2020, na ni ndugu wachache tu wanaoipata. Marekani mambo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Baadhi huruhusu jopo la wananchi kutoa mamilioni kwa ajili ya majonzi, na hata fidia ya kumwadhibu mkosaji.

Halafu kuna kosa la marehemu mwenyewe. Kama alivuka bila kuangalia au hakufunga mkanda, Uingereza tangu mwaka 1945 hupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lake, na nchi nyingi zimefuata. Lakini Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia bado zinashika kanuni ya zamani: akionekana alichangia hata kidogo, madai ya uzembe huanguka yote. Ukiwa kwenye sheria ya namna hiyo na kuna shaka juu ya mwendo wa marehemu, maelewano yanakuwa na thamani kubwa ghafla.

Maelewano hutoa kidogo kuliko hukumu kamili, na kuna sababu ya haki na isiyo ya haki. Ya haki ni hatari. Kama madai yako yakishinda ni 150,000 na wakili wako mkweli anakuambia uwezekano wa kushinda ni asilimia 60, basi 90,000 leo si matusi. Ile isiyo ya haki ni pupa ya bima kulipa kabla familia haijajua inadai nini. Karatasi huletwa ikiwa na sentensi moja katikati inayosema kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho kwa madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana. Ukiweka sahihi chini ya sentensi hiyo, mlango wa mahakama umejifungia mwenyewe.

Mfuko hulipa kwa jedwali: kiasi fulani cha mshahara, kwa muda fulani, kwa watu waliotajwa. Majonzi kwa kawaida hayamo. Kuna mifuko maalumu iliyokuwa na mkono mkubwa zaidi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, serikali ya Marekani iliunda mfuko uliowalipa wafiwa kwa hesabu ya mtu mmojammoja, wastani wa takriban dola milioni 2 kwa kifo, kwa sharti la kuacha haki ya kuyashtaki mashirika ya ndege. Asilimia 97 ya familia zilizostahili zilikubali. Chache zilikataa, nyingine zikisema zinatafuta majibu kuliko pesa, na sioni kosa kwa upande wowote.

Kesi ya jinai ni dhaifu hapa. Hakimu anaweza kuamuru mshtakiwa alipe fidia, lakini amri hizo huwa ndogo na hutegemea mfuko wa mtu aliyetiwa hatiani, si wa bima yake. Nchi zinazofuata mfumo wa Ufaransa zinatofautiana: huko mfiwa anaweza kujiunga na kesi ya jinai kama upande wa madai, akasikilizwa na kufidiwa humohumo.

Na jambo hili liwekwe mbele ya yote: hukumu haileti chakula mezani mpaka ilipwe. Kabla ya kufungua kesi, ulizeni mdaiwa ana bima, na bima hiyo ina kikomo gani. Hukumu ya mamilioni dhidi ya mtu asiye na mali wala bima itabaki kwenye faili.

Muda, na siku mlango unapofungwa

Maelewano yanaweza kuisha kwa miezi. Kesi ya madai inayobishaniwa huchukua miaka, na rufaa huongeza mingine. Mifuko hulipa mapema zaidi kama karatasi zimekamilika. Jinai inakwenda kwa mwendo wa serikali. Familia haiwezi kuiharakisha wala kuisimamisha.

Ukomo wa muda ndio unaoua madai mazuri kimyakimya. Kenya na Uingereza hutoa miaka 3 kwa madai ya kifo, na Uingereza muda huo unaweza kuhesabiwa kuanzia siku wafiwa walipojua chanzo. California na Texas hutoa miaka 2. Chini ya Mkataba wa Montreal ni miaka 2. Mdaiwa akiwa chombo cha serikali muda unaweza kuwa mfupi mno: California inataka madai yawasilishwe ndani ya miezi 6 kabla ya kwenda mahakamani.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusubiri kesi ya jinai iishe ndipo mfungue madai, wakati saa ya madai ilikuwa ikikimbia pembeni. La pili ni kuamini kwamba mazungumzo na bima yanaisimamisha saa. Kwa kawaida hayaisimamishi, isipokuwa kuna makubaliano ya maandishi. Mtu wa bima anaweza kuwa mpole kwenye simu kila mwezi hadi siku ya mwisho ipite.

Gharama na hatari

Marekani mawakili wa kesi hizi huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi, na usiposhinda humlipi ada. Katika nchi nyingi zilizofuata mfumo wa Uingereza anayeshindwa huweza kuamriwa kubeba gharama za mshindi (Uingereza kwenyewe, tangu mwaka 2013 mdai wa kesi za namna hii kwa kawaida hulindwa dhidi ya hilo), na kuna mtego zaidi: ukikataa rasmi ofa ya mdaiwa kisha mahakama ikakupa chini yake, unaweza kulipa gharama zake za tangu muda wa kuikubali ofa ulipoisha. Wataalamu, hasa madaktari na wahandisi, hulipwa kabla kesi haijafika popote.

Maelewano yana gharama ndogo. Hatari yake ni kulipwa kidogo. Mfuko una gharama ndogo zaidi, lakini angalieni kama unawafungia njia nyingine. Katika majimbo mengi ya Marekani aliyelipwa na bima ya wafanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri kwa uzembe, ila anaweza kumshtaki mtu wa tatu, mathalani mtengenezaji wa mashine iliyoua. Jinai inagharamiwa na serikali, na bei yake ni kwamba familia haiongozi chochote.

Ukweli wa kilichotokea

Kuna wafiwa ambao hawalali kwa sababu hawajui dakika za mwisho zilikuwaje. Kwao kigezo hiki kinapita vyote. Kesi ya madai ndiyo inayomlazimisha mdaiwa kutoa nyaraka, kumbukumbu za matengenezo, barua za ndani, na kumsimamisha shahidi aulizwe. Jinai husikilizwa hadharani, ila mshtakiwa akikiri mapema ushahidi mwingi hautasomwa kabisa. Maelewano mara nyingi huja na sharti la kutosema na kifungu kwamba mlipaji hakiri kosa. Unaweza kubishania masharti hayo: kuomba barua ya radhi, au mabadiliko ya utaratibu kazini yaandikwe ndani ya mkataba. Wengi hawajui kwamba hilo huombwa. Mfuko hauelezi chochote. Nchi zenye uchunguzi wa vifo mbele ya hakimu hutoa nafasi nyingine ya kusikia mashahidi, nayo haikuzuii kudai.

Nani inamfaa

Maelewano yanaifaa familia yenye ushahidi wa wazi, mdaiwa mwenye bima, na mahitaji yasiyongoja. Pia ile ambayo ushahidi wake una tundu na inalijua tundu hilo. Kesi ya madai inaifaa familia inayoweza kustahimili miaka, yenye ushahidi imara kwamba uzembe ndio uliosababisha kifo, na ambayo ofa iliyo mezani iko mbali na hesabu halisi. Mfuko unawafaa waliofiwa kazini, hasa pale ambapo marehemu mwenyewe alikosea au hakuna shahidi. Jinai inawafaa wanaotaka mkosaji awajibishwe na umma, na kwa wote wengine ni chanzo cha ushahidi wa kuutumia kwingine.

Kwa hali yako

Kama kifo ni cha barabarani na dereva ana bima, andika madai kwa bima, fuatilia jalada la polisi, na weka tarehe ya ukomo kwenye kalenda siku ileile. Ofa ya kwanza isisainiwe kabla hesabu ya utegemezi haijafanywa na mtu asiyelipwa na bima.

Kama ni hospitalini, usianze na barua ya kushtaki. Omba jalada lote la matibabu, upate daktari wa fani hiyohiyo alisome, na umuulize swali moja gumu: angetibiwa ipasavyo, angeishi? Akisema yaelekea ndiyo, mna kesi. Akisita, maelewano au malalamiko kwa baraza la madaktari yatawafaa zaidi.

Kama ni kazini, jazeni fomu za mfuko ndani ya muda wake, na kabla ya kupokea malipo muulize wakili kama kupokea kunawafungia kumshtaki mwajiri, na kama kuna mtu wa tatu.

Kama dereva au mhusika amefunguliwa mashtaka, hudhurieni, mwandike mashahidi wanasema nini, ombeni nakala ya hukumu. Madai yafunguliwe kwa wakati wake bila kungoja.

Kama mhusika hana mali wala bima, tafuteni kama kuna mwingine nyuma yake: mwenye gari, mwajiri wake, mwenye jengo, mfuko wa serikali wa wahanga wa madereva wasio na bima kama nchi yenu unao. Asipopatikana yeyote, amri ya fidia ya hakimu wa jinai inaweza kuwa ndiyo pekee, na inafaa muendesha mashtaka aombwe aitake.

Na kama familia haijakubaliana, amueni kwanza nani ana mamlaka ya kisheria ya kudai. Mara nyingi ni msimamizi wa mirathi, na pesa ya utegemezi hugawanywa kwa wategemezi kulingana na walichopoteza, si kwa umri wala kwa sauti kubwa. Penye watoto wadogo, nchi nyingi hutaka mahakama iyapitishe maelewano ndipo yawafunge, na mgawo wao utunzwe hadi wakue. Mwombeni wakili awaandikie mgawo huo kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kusaini, kila jina na kiasi chake, na mama wa watoto apewe nakala.